Nafasi Baada ya Jina

Ukitaka kujua kwamba katekista wetu yuko karibu kusoma majina ya waliopotea, usimtazame yeye. Watazame akina mama wenye watoto wachanga. Kabla hata hajavaa miwani, vifungo vya blauzi huanza kufunguliwa, benchi hili na lile, na watoto hupewa ziwa, wenye njaa na wasio na njaa, ili asipatikane hata mmoja wa kulia. Hapo kanisa letu la Mugoma huwa kimya hadi unasikia mabati yakijinyoosha kwa jua juu ya vichwa vyetu.

Hakuna kitabu cha ibada kinachoagiza jambo hilo. Lilianza miaka ile ya tisini, watu walipovuka mpaka kutoka Burundi kwa maelfu na Misa ikawa inasomwa nje, katikati ya mahema, nyuma ya watu kukiwa na watu wengine. Jina likisomwa, msomaji alingoja, maana aliyetajwa huenda amesimama mwisho kabisa na sauti yake inahitaji muda kufika mbele. Na siku moja ilifika kweli. Msichana aliyeitwa Rozalia alitajwa, akaitika kutoka huko nyuma, na mama yake akazimia. Baadaye kambi zikafungwa, mahema yakang'olewa, wengi wakarudi kwao. Wengine, kama mama Auleria, walipata shamba na majirani wakabaki. Nafasi ile baada ya jina ilibaki nao. Katekista Pancras husoma jina moja, hukunja midomo, hungoja. Husoma la pili, hungoja tena.

Mimi naitwa Priscila, mtu wa jembe na wa kwaya. Mambo ya mizimu nawaachia wenye nafasi ya kuyafikiria, mimi nina maharage ya kupalilia. Haya nayasema kwa sababu nilikuwepo, na pale nisipokuwepo alinisimulia Anjelika mwenyewe, jirani yangu, naye si mtu wa kutia chumvi. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa la kupunguza.

Anjelika ni binti wa mama Auleria. Alifika nchi hii akiwa mgongoni. Walipoingia mtoni Ruvubu, katika msukumano wa watu wanaokimbia, mama Auleria alikuwa na Anjelika mgongoni na Aron mkononi, na Aron alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Walipotoka ng'ambo ya pili alikuwa na Anjelika mgongoni. Baba yao, Havyarimana, walikwisha kumzika kabla ya safari. Tangu hapo jina la Aron halijawahi kukosa kusomwa, na mama Auleria hajawahi kukubali liwekwe kwenye majina ya marehemu, hata mwezi wa Novemba, wa kuwaombea wafu, hata alipobembelezwa na mapadri watatu waliofuatana.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba tuliletewa paroko mpya, Padri Gaspari, kijana mwenye mwendo wa haraka. Ulikuwa wakati mabasi ya wakimbizi yameanza tena kupita, yamejaa watu na magodoro, yakielekea Nyakahura na mbele yake Kibondo. Padri alitoka kwenye semina huko jimboni akiwa na moto, akamwita Anjelika ofisini. Anjelika alikuwa amesomea uandishi wa habari Mwanza, amerudi, na hapa kijijini elimu yake ilikuwa ikimsaidia kuandika mabango ya harusi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina. Kaa, mwanahabari wetu." Padri alimwonyesha dirisha, na kupitia dirishani, barabara. "Umeyaona mabasi yale? Kila kiti kina mtu aliyepotelewa na mtu, na kila mtu ana simu. Sisi tunawasomea majina watu wanaojuana, ndani ya kuta nne. Nataka matangazo yetu yaingie kwenye simu. Yote. Na hasa majina yale."

Hoja nzuri, na hata leo siwezi kuipinga.

"Ila yawe mafupi," Padri aliongeza. "Mtu wa simu husikiliza kidole kikiwa tayari kubonyeza. Ukimchosha tu, amekwenda."

Anjelika alimrekodi Pancras sakristia, siku ya Ijumaa, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto. Pancras alisoma kama anavyosoma kanisani, jina na nafasi, jina na nafasi. Anjelika alipokwenda nyumbani na kusikiliza, aliona ni refu mno. Lakini programu aliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa na kitufe cha kuondoa kimya. Ukikibonyeza, inatafuta yenyewe kila mahali pasipo na sauti, inapaondoa, inaunganisha maneno.

"Nilipokibonyeza nilisikia raha," aliniambia baadaye, macho yake kwenye ungo wa maharage. "Raha kabisa, Priscila, hadi nikajishangaa."

Nami simshangai. Nilikuwa nikimwona tangu tukiwa wasichana wadogo. Jina la Aron likisomwa, mama Auleria alikuwa akiondoa mkono kichwani kwa binti yake na kugeuza sikio kuelekea mlango wa nyuma, na Anjelika alikuwa akibaki anautazama mkono ule, ulivyolala pajani kwa mama yake bila kazi. Kila Jumapili, kwa muda ule mfupi, mtoto aliyepo alikuwa hana mama.

Jumamosi alasiri alituma. Kikundi alikipa jina Sauti ya Parokia, na kiungo chake kikatembea upesi kuliko tulivyodhani: Biharamulo, Mwanza, makambini, ng'ambo ya mpaka. Majibu yakamiminika, mikono ya sala, mioyo, amina kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Padri Gaspari alimpigia simu kumpongeza.

Mama Auleria hakuwa na simu. Mimi ndiye niliyemsikilizisha, tena kwa fahari, tukiwa nyuma ya nyumba yake tunamenya ndizi. Sauti ya Pancras ilitoka haraka, majina yanafukuzana: Aron mwana wa Havyarimana na Auleria wa Giteranyi Claudia Iradukunda mwana wa... Pasipo pumzi katikati, jina moja limekanyaga kisigino cha jingine.

"Rudia," alisema mama Auleria.

Nikarudia. Aliweka kisu chini, juu ya maganda.

"Nani amemziba mdomo?"

Nilicheka. Nilidhani anamsema Pancras.

Kesho yake, Jumapili, tulikuwa kanisani kama kawaida, na Pancras alisoma kwa namna yake ya siku zote. Naomba ulishike hilo: kanisani hakikupunguzwa kitu. Vifungo vilifunguliwa, watoto wakanyonya, jina likasomwa, nafasi ikaachwa. Kwa sababu ya maneno ya jana nilikuwa namtazama mama Auleria. Aliposikia jina la Aron aligeuza sikio, akangoja, na taratibu uso wake ukaanza kubadilika, hadi akageuka mzima mzima kuutazama mlango. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Likaja jina la mke wa mzee Habimana, aliyepotea njiani mwaka wa tisini na nne. Mzee Habimana hageuki kanisani hata radi ikipiga. Aligeuka. Kisha akageuka mama wa Claudia. Kila jina liliposomwa, jamaa wa aliyetajwa aligeuka kuutazama mlango, na kila aliyegeuka alikuwa na uso uleule. Nilimkumbatia mtoto wangu hadi akaachia ziwa.

Baada ya Misa walimngojea Anjelika chini ya mikaratusi, wazee tu. Hawakuwa wamekubaliana kukutana, kila mmoja alikuja peke yake akawakuta wengine.

"Shikamoo, babu," Anjelika alimwamkia mzee Habimana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyewafupisha?"

"Ni kwenye simu tu, babu. Kanisani hakuna kilichobadilika."

Mzee aliichora ardhi kwa fimbo yake. "Mke wangu huguna," alisema mwishowe. "Hasemi neno. Huguna tu, alivyokuwa akiguna zamani nikimwita kutoka shambani naye hataki kuacha kazi. Jina likisomwa, huguna. Leo hakuguna."

Mama wa Claudia alimgeukia. "Na wewe husikia?"

Hapo ndipo walipoanza kutazamana. Miaka yote ile wamekaa benchi kwa benchi, wamezikana, wamechangiana mbegu, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake. Kila mmoja alijidhani ni yeye peke yake, na aliogopa kwamba akilitamka litakoma. Mmoja alisikia kikohozi. Mwingine alisikia mluzi wa kuita ng'ombe.

Nyumbani, Anjelika alimuuliza mama yake, na mama yake hakuficha.

"Husema ndaje," alijibu. Kwa Kirundi ni kusema nakuja. "Ndaje, mama. Kwa kitembe, maana meno bado hayajaota."

"Mama, Aron leo angekuwa mtu mzima. Angekuwa na ndevu."

"Nimekuambia ana umri gani? Nimekuambia ninachosikia."

"Na sasa?"

"Sasa hasemi. Yuko nje, na mlango umefungwa."

Kuanzia siku hiyo mama Auleria aliacha kula. Hakugoma wala hakumnunia mtu. Alipika, alipakua, alimkaribisha binti yake mezani, na yeye akaketi karibu na mlango, sahani imemlalia magotini hadi chakula kikapoa. Anjelika akimsihi, alijibu kwa upole kabisa kwamba mtu haketi akala wakati mtoto wake yuko nje. Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima kila kitu cha kupimwa, akasema haoni ugonjwa. Wiki ilipokaribia kwisha, kanga ilikuwa inamzunguka mara mbili na vidole vyake vilikuwa vyepesi ukivishika. Nilijua tunakokwenda, na Anjelika alijua.

Alikwenda kuitafuta rekodi ya mwanzo akakuta ameifuta kupunguza mzigo kwenye simu. Lakini programu ile ilikuwa imeweka kando vipande vyote ilivyovikata, imeviunganisha kuwa kimya kimoja kirefu. Aliketi kwenye ngazi za sakristia, mchana kweupe, watoto wa Kipaimara wakicheza mpira mbele yake, akavaa vipokea sauti na kusikiliza kimya hicho tangu mwanzo.

Hakikuwa kimya hasa, alisema. Ilikuwa pumzi ya Pancras na karatasi ikigeuzwa. Alisikia bati, mbuzi, na pikipiki inayopanda mlima kutoka upande wa Kabanga, injini inalia kwa shida, inakaribia, inakaribia zaidi. Kisha, kwenye kipande ambacho kwa hesabu yake ni cha Aron, vyote vikakoma. Pikipiki haikuondoka wala haikuzimwa, ilikuwa haipo tu. Bati halipo, pumzi ya Pancras haipo. Kilipoingia kipande kinachofuata, pikipiki ilikuwa imeshapita na iko mbali bondeni.

Aliniita. Nilivaa vile vitu masikioni kwa kumridhisha, na sikupenda nilichosikia, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusikia na bado hapakuwa patupu. Umewahi kuwa jikoni, umeupa mlango mgongo, ukajua mtu ameingia kabla hajasema hodi? Ilikuwa hivyo, ndani ya sikio langu.

"Kifaa kibovu," nilimwambia, nikavivua upesi.

"Huenda."

"Simu yenyewe ya mitumba."

"Huenda, Priscila." Alikuwa akizizungusha zile nyaya kidoleni. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu nimjue. "Nilimchukia. Mtoto wa watu, aliyeshikwa mkono akaachiliwa, na mimi nilimchukia kwa sababu mama alikuwa akimngoja. Mimi sijamngoja hata mara moja. Wakisoma jina lake nilikuwa nikiangalia viatu vyangu." Alilia pale kwenye ngazi, bila kujifunika uso, na watoto wa Kipaimara wakahamisha mpira wao upande wa pili.

Jumamosi alikwenda kwa Padri Gaspari. Alitaka kusoma yeye, mbele ya watu, na kurekodi hapohapo. Kila jina liwe na rekodi yake peke yake, na nafasi yake nzima ndani.

"Watu watafikiri simu imekwama," Padri alisema.

"Wafikiri, Padri."

"Anjelika, nani atakaa na simu sikioni akisikiliza kimya?"

"Aliyepotelewa. Hao wengine tunawatumia ratiba ya Misa."

Padri alisugua paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na haraka. "Na haya wanayosema wazee. Wewe unayaamini?"

"Sijui ninachoamini. Najua mama yangu hali."

Padri alinyamaza. Labda huo ulikuwa mnyamazo wake wa kwanza mrefu tangu aletwe kwetu. "Basi soma," alisema. "Nitamwambia Pancras mwenyewe."

Jumapili hiyo Anjelika alisimama kwenye mimbari, simu yake imeegemezwa kwenye kinara cha mshumaa. Tulimleta mama Auleria akiwa ameshikwa huku na huku. Vifungo vilifunguliwa. Anjelika alisoma majina, na kila jina alilipa nafasi kubwa kuliko aliyowahi kuitoa Pancras, hadi watu wakaanza kusogeza miguu. Wazee waligeuza masikio, wakangoja, na sikuona hata uso mmoja uliofunguka. Alipofika kwa kaka yake aliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Aron. Mwana wa Havyarimana na Auleria. Wa Giteranyi."

Kisha akainua macho kwenye karatasi na kuutazama mlango wa nyuma. Sisi wa kwaya tunamwona msomaji kwa ubavu, nami niliona jinsi alivyokuwa amesimama: visigino vimeinuka kidogo, shingo mbele. Ndivyo anavyosimama mtu akimtazamia mgeni ajaye njia panda. Alingoja. Mabati yalilia juu yetu, yakanyamaza. Nilimtafuta mama Auleria kwa macho, nikitegemea kumwona amegeukia mlangoni. Hakuwa amegeuka. Alikuwa akimtazama binti yake aliye mimbarini, na mkono wake ulikuwa umeinuka kutoka pajani, umebaki hewani.

Hapakuwa na sauti. Nalisema wazi, mimi sikusikia kitu, na Anjelika anasema hivyohivyo.

Alasiri tulikusanyika jikoni kwa mama Auleria, sisi watatu na mtoto wangu. Mawingu yalikuwa yamejifunga upande wa Burundi. Uji ulikuwa mekoni na mama Auleria alikuwa amekataa kikombe cha kwanza. Anjelika alituma rekodi moja moja, akiacha nafasi kati ya kutuma na kutuma, na safari hii hakuna aliyejibu kwa moyo wala kwa mikono ya sala. Kikundi kilitulia. Mtu wa Mwanza aliandika akiuliza kama mtandao una shida, akaona hajibiwi, akafuta maneno yake.

Rekodi ya Aron aliituma mwisho. Aliiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, akaifungulia ili mama yake asikie. Sauti yake ilitoka, jina likaisha, nafasi ikaanza. Mle jikoni moto wenyewe uliacha kupasukapasuka. Mtoto wangu, aliyekuwa akibwabwaja mapajani mwangu, alinyamaza, akatazama mlangoni kwa makini, ule utazamaji wa watoto wanapoona uso mpya.

Rekodi ilikwisha. Tukakaa.

Ndipo kwenye kioo, juu, chini ya jina la kikundi, maandishi madogo ya kijani yalipojitokeza. Namba isiyo na jina wala picha, inayoanza kama zinavyoanza namba za Burundi, na mbele yake: anarekodi sauti.

Anjelika aliichukua simu kutoka kinuni. Alifungua orodha ya waliomo kikundini, akaipitia kwa kidole hadi chini, akarudi juu, akaipitia tena. Mimi nilikuwa begani kwake. Namba ile haikuwamo. Alirudi kwenye kikundi akidhani maandishi yameondoka, na yalikuwa palepale.

"Kuna nini?" mama Auleria aliuliza. Hajui kusoma, ila alikuwa ameziona nyuso zetu.

"Kuna mtu anarekodi, mama."

"Ni nani?"

"Sijui. Hana jina."

"Anasema nini?"

"Bado hajatuma. Tutasikia akimaliza." "Mama, huenda ni mtu tu. Huenda amebonyeza kwa bahati mbaya."

Mama Auleria aliutoa mkono wake ndani ya kanga, akauweka kichwani kwa binti yake, akauacha hapo. Kwa mkono wa pili alivuta kikombe cha uji, akanywa funda moja, kisha jingine. Maandishi yale ya kijani hayakwisha. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye bati, na mtoto wangu akaanza kujinyonganyonga akitaka kulia.

"Priscila," mama Auleria alisema, bila kuondoa macho kwenye simu. "Mnyamazishe mtoto."

Nilifungua vifungo vya blauzi, nikampa ziwa.